Mwongozo kamili: jinsi ya kutoa igizo kwenye maisha yako mwenyewe na kulifanya liamshe jamii nzima

Watu wengi wana stori nzito za maisha yao na wanatamani kuzipeleka jukwaani. Ni jambo zuri sana. Shida ni kwamba maigizo mengi ya aina hii yanaishia kwenye "angalieni yaliyonikuta", watu wanalia, wanapiga makofi, wanaondoka na kesho yake kila kitu kiko vilevile. Mimi naamini stori yako inaanza kuwa na nguvu ya kubadilisha kitu pale tu unapoacha kuuliza "nilitendewa nini" peke yake na kuanza kuuliza nani alikuwepo, nani aliona akanyamaza, nani alifaidika, na ni utaratibu gani uliruhusu yote hayo yatokee mchana kweupe. Mwongozo huu wote ni safari hiyo, kutoka kwako kwenda kwa watu. Unaweza kuufuata ukiwa peke yako, na ukiwa na kikundi ni bora zaidi, na huhitaji kuwa umesomea sanaa.

Hatua ya 1: Chagua tukio, usichague maisha

Usianze na "nitaigiza maisha yangu", maana maisha ni marefu na ukiyabeba yote utaishia kusimulia tu bila kuigiza chochote. Tafuta tukio moja, la saa moja au asubuhi moja, ambalo ndani yake kuna kitu kilibadilika na hakikurudi kama kilivyokuwa. Kulipata sio kazi ngumu: chukua daftari, weka alamu ya dakika 10, andika bila kuinua kalamu ukianza na sentensi kama "Siku ile nilitaka kusema kitu nikanyamaza…", usisahihishe herufi, usisome ulichoandika mpaka alamu ilie. Pumzika, alafu rudia na "Watu wote walikuwa wanaangalia lakini…". Sentensi ya pili hiyo huwa inatoa vitu vya ajabu, kwasababu inakulazimisha ukumbuke wengine waliokuwepo na sio wewe tu.

Ukishapata matukio mawili matatu jiulize: je, kuna mtu mwingine zaidi yangu ambaye hili linamkuta? Je, kuna mahali kwenye tukio ambapo mtu angefanya kitu tofauti na mambo yakaenda vingine? Kama jibu la hilo la pili ni hapana, yaani ni ajali tupu ambayo hakuna binadamu angeizuia, basi inaweza kuwa stori ya kusikitisha sana ila haitakusaidia kwa kazi hii.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tuelewane. Tuseme kuna dada karudi kutoka kazini jioni, mkono mmoja kashika mfuko wa vyakula, mkono mwingine kashika mtoto, anaingiza ufunguo mlangoni kwake hauingii. Anautoa, anaupangusa kwenye nguo, anajaribu tena. Kitasa ni kipya, kinang'aa, na unga wa mbao bado uko chini kwenye kizingiti. Kodi ilikuwa imechelewa. Dirisha la jirani pazia linacheza kidogo alafu linatulia.

Hapo una kila kitu, na hilo pazia ndo muhimu kuliko hata kitasa, tutaliona mbele.

Hatua ya 2: Linda watu, ukianza na wewe mwenyewe

Hii watu wanairuka na isirukwe. Kama tukio bado ni kidonda kibichi, yaani ukilisimulia mbele ya rafiki mmoja tu unashindwa kupumua au halilali kichwani siku tatu, liache kwanza, chagua lingine. Haimaanishi huna ujasiri. Jukwaani utalirudia tukio hilo mara nyingi sana, mazoezini na mbele ya wageni, na mwili hautofautishi vizuri kati ya kuigiza maumivu na kuyapata upya. Tafuta mtu mmoja wa kukaa na wewe baada ya kila zoezi, awe mtu wa kukusikiliza na sio wa kukupa maoni ya sanaa.

Wengine waliomo kwenye stori nao wana haki. Mama yako, mtoto wako, jirani, hawakukuomba uwaweke jukwaani. Anayeweza kuombwa ruhusa muombe, na akisema hapana basi ni hapana, tafuta njia ya kusimulia upande wako bila yeye. Kwa wale wasioweza kuombwa, kubadilisha jina peke yake hakutoshi kabisa, kwenye jamii ndogo watu wanamtambua mtu kwa kazi yake, kilema chake, namna anavyotembea. Changanya watu wawili wawe mmoja, badilisha jinsia, hamisha tukio kutoka nyumbani kwenda ofisini. Watoto usiwatumie stori zao za mateso hata kama wamekubali, maana hawajui watajisikiaje wakiwa wakubwa.

Na kama ndani ya stori kuna mtu unamtuhumu kosa la jinai, ongea kwanza na mtu anayejua sheria ya mahali ulipo.

Hatua ya 3: Toka kwenye "mimi", kusanya stori za wenzako

Sasa una tukio lako. Kabla hujaandika mstari hata mmoja wa skripti, lipeleke kwa watu wengine waliopitia kinachofanana nalo, usikie yao. Njia ninayoipenda kuliko zote ni duara la stori, ambalo John O'Neal, mmoja wa waanzilishi wa Free Southern Theater kule Marekani mwaka 1963 wakati wa mapambano ya haki za watu weusi, alilitumia miaka mingi. Watu sita mpaka kumi wanakaa duara, hakuna meza katikati, swali ni moja, mfano "mara yako ya kwanza kujisikia huna pa kwenda". Kila mtu anapewa dakika tatu, zamu inazunguka mmoja mmoja. Mtu akiongea hakuna kuingilia, hakuna "pole sana hata mimi", hakuna ushauri, hakuna kuandika, ni kusikiliza tu. Asiyekuwa tayari anasema "niruke" na zamu inaendelea, mwishoni anaulizwa tena. Duara likiisha ndo mnaongea: nini kimejirudia? Nani hakutajwa kwenye stori hata moja? Ipi imepingana na nyingine?

Hilo la kupingana lithamini sana. Kwenye mfano wetu unaweza kukuta watano wanasema mwenye nyumba ni katili, alafu wa sita anasema yeye ndo mwenye nyumba, ana mkopo, na asipolipwa kodi benki inachukua nyumba yenyewe. Usimfukuze huyo, huyo ndo atakayeinua igizo lako kutoka malalamiko mpaka kazi ya kufikirisha.

Njia ya pili ni mahojiano ya mtu mmoja mmoja, unarekodi kwa simu (kwa ruhusa, na mwambie kabisa rekodi itafanyiwa nini na nani atasikia), alafu unatumia maneno yao kama yalivyo. Mmarekani Anna Deavere Smith ndo amelifikisha hili mbali. Baada ya vurugu kati ya watu weusi na Wayahudi kule Crown Heights, Brooklyn, mwaka 1991, alihoji watu wa pande zote, akapanda jukwaani peke yake akawaigiza zaidi ya 20, kila mmoja na kigugumizi chake, kikohozi chake, sentensi aliyoikata katikati. Jifunze hapo: usinyooshe maneno ya watu. Mtu akisema "mimi sijui… yaani… basi tu" andika hivyohivyo, hizo nukta ndo zina kila kitu.

Kikundi cha maigizo cha Tectonic Theater Project nacho kilienda mji wa Laramie, Wyoming, hukohuko Marekani, muda mfupi baada ya kijana Matthew Shepard kuuawa kwa chuki mwaka 1998, wakafanya mahojiano zaidi ya 200 na wakazi, na igizo lililotoka mwaka 2000 linahusu mji mzima unavyojiangalia baada ya mauaji yale. Mahojiano 200 wewe huyahitaji, hata nane mazuri yanatosha.

Hatua ya 4: Chora ramani ya nguvu

Chukua karatasi kubwa, katikati andika mhusika mkuu. Upande mmoja waandike wanaomuumiza moja kwa moja, upande mwingine wanaoweza kumsaidia ila hawasaidii, juu andika sheria, mila, mikataba, utaratibu wa kazi, vyote vinavyoruhusu hali iwepo, na chini andika nani anapata faida ikiendelea hivihivi. Alafu chora mishale, nani anamuogopa nani, nani anamtegemea nani kwa pesa.

Kwa dada yetu: mwenye nyumba yupo, sawa. Kuna fundi aliyeitwa kubadilisha kitasa, akalipwa, hakuuliza kitu. Kuna jirani wa pazia, ambaye naye anadaiwa miezi miwili. Kuna kaka wa dada, simu haipokei. Juu kuna mkataba wa kupanga ambao haujaandikwa popote, ni wa mdomo, na kuna sheria ambayo nchi nyingi zinayo, kwamba mpangaji hatolewi nje bila amri ya mahakama, lakini kwenye ramani nzima hakuna mhusika hata mmoja anayeijua. Unaona? Ulianza na mtu mmoja mbaya, sasa una mtandao wa woga na wa kutojua, na kila kiungo chake mtu anaweza kukigusa.

Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, alitumia maisha yake kusema watu wakisoma hali yao wenyewe kwa pamoja wanaanza kuiona kama kitu kilichotengenezwa na binadamu, kwahiyo kinaweza kutengenezwa upya. Ramani hii ni mazoezi ya wazo hilo, ichoreni pamoja na waliotoa stori, usiichore peke yako usiku.

Hatua ya 5: Mwili kwanza, maneno baadae

Hapa wengi wanakimbilia kuandika. Subiri. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo na Mbrazil mwenzake Freire, alikuwa na zoezi la picha za mwili ambalo mpaka leo sijaona linaloshinda. Mtu mwenye stori anawapanga wenzake kama anafinyanga udongo, bila kuongea, anainua mkono wa huyu, anageuza shingo ya yule, mpaka inapatikana picha iliyoganda ya tukio lilivyokuwa. Anajiweka na yeye ndani. Wanakaa kimya nusu dakika. Alafu anafinyanga picha ya pili, ya hali anavyotamani iwe. Alafu ndo kazi yenyewe inakuja: kila mmoja anajisogeza polepole, hatua moja kila mwezeshaji anapopiga kofi, kutoka picha ya kwanza kwenda ya pili.

Angalia nani anasogea kwanza. Angalia nani anakwama. Ukifanya hivi na stori ya kitasa utagundua mhusika mkuu hawezi kusogea kabisa mpaka jirani ageuze kichwa, mikono yake imejaa, mtoto na mfuko, hana hata kidole cha kugonga mlango. Kitu kama hicho usingekipata kwa kukaa mezani na kalamu, mwili ndo umekwambia. Piga picha kwa simu kila hatua, hizo ndo zitakuwa sini zako, yaani vipande vya igizo.

Ukiwa peke yako fanya hivi: weka viti badala ya watu, kiti kimoja kimoja, kaa kwenye kila kimoja useme kwa sauti sentensi moja ya mtu huyo ukianza na "Mimi naogopa…". Kaa hata kwenye kile cha anayekuumiza. Hicho ndo kitakuchosha, na hicho usikiruke.

Hatua ya 6: Skripti

Fupi. Dakika 15 mpaka 20 kwa igizo ambalo baadae litakuwa na mjadala, sini tatu au nne, basi. Sini ya kwanza ituonyeshe maisha ya kawaida kabla, ya katikati zionyeshe milango inavyofungwa mmoja mmoja, ya mwisho iishie pabaya. Ndiyo, pabaya. Ukimaliza kwa furaha umewanyima watazamaji kazi yao, wanarudi nyumbani wameridhika. Ila lazima kila sini iwe na angalau sehemu moja ambapo mtu angeweza kufanya vingine, hizo sehemu wewe uzijue kwa moyo hata kama hazisemwi.

Usihubiri. Mhusika akianza kusema "jamii yetu inapaswa kutambua haki za wapangaji" kata mstari huo palepale, hakuna mtu anaongea hivyo akiwa amefungiwa nje na mtoto. Tazama sini hii:

DADA: Hodi jirani. Samahani, mchana hukuona mtu pale mlangoni kwangu?
JIRANI: (anakunja nguo, haangalii) Mi nilikuwa ndani.
DADA: Wametoboa mlango, kelele zote zile.
JIRANI: Mdogo wangu, hapa kila mtu na chumba chake.
DADA: Mtoto hajala.
JIRANI: (kimya. Anaweka nguo chini.) Mlete ale. Ila usimwambie mtu kama ulikuja huku.

Mistari sita tu. Humo kuna woga, kuna huruma, kuna sheria ambayo haijaandikwa popote lakini wote wanaifuata, na hakuna aliyetaja neno haki. Jirani sio mbaya, anamlisha mtoto, ila anataka hata wema wake uwe siri. Mtazamaji anayejiona kwenye huyo jirani hatalala vizuri, na huyo ndo unamtafuta, kwasababu kwenye ukumbi wowote wenye watu mia, waliowahi kufungiwa nje ni wachache, waliowahi kuchungulia dirishani ni karibu wote.

Mwenye nyumba naye mpe sababu. Sio kumtetea, ni kwamba mtu anayefanya ubaya huku anajiona yuko sawa ndo anafanana na wale tunaokutana nao, na watu watajifunza kupambana na mtu wa kweli badala ya shetani wa kwenye katuni.

Lugha iwe ya wahusika wenyewe, na kama sehemu yenu kuna wimbo, methali au ngoma ambayo kila mtu anaijua, itie ndani mahali inapobeba maana. Ikiwa ni pambo tu iache.

Hatua ya 7: Mazoezi, na fungua mlango

Anza kila zoezi na michezo ya mwili dakika kumi, maliza kwa kuvua mhusika: kila mmoja anajipangusa mabega, anasema jina lake halisi kwa sauti na kitu kimoja atakachofanya akitoka pale. Inaonekana ni kitoto ila inafanya kazi kubwa sana hasa kwa anayeigiza mtesaji. Kubalianeni ishara ya kusimamisha, mkono juu, na mkono ukipanda hakuna kuuliza kwanini. Na kama ni stori yako, jaribu mtu mwingine aigize nafasi yako, wewe ukae pembeni uangalie. Wengi wanasema hapo ndo waliielewa stori yao kwa mara ya kwanza.

Jambo lingine, fanyeni mazoezi wazi watu waone. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitengeneza igizo pamoja na wakulima na wafanyakazi wa kawaida, wanakijiji wakajenga wenyewe ukumbi wa wazi, na mazoezi yalikuwa hadharani, kila mtu anapita, anasimama, anasahihisha. Wazee walisahihisha lugha, wafanyakazi wa kiwandani walisahihisha namna kazi inavyofanyika. Mpaka igizo linazinduliwa lilikuwa tayari la kijiji kizima. Serikali ililipiga marufuku baada ya wiki chache na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huohuo, na 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Nalitaja hilo pia kwasababu ni haki yako kujua: igizo lililomilikiwa na watu wengi linaogopwa kuliko la msanii mmoja. Kwahiyo kabla ya kuonyesha kaeni chini kama kikundi mpime hatari, nani anaweza kukasirika, anaweza kufanya nini, na ni nani kati yenu yuko hatarini zaidi. Huyo ndo mwenye neno la mwisho.

Hatua ya 8: Mahali na watu

Wafuate walipo, sokoni, shuleni, uwanja wa mpira, ukumbi wa dini. Kaeni nusu duara, usawa mmoja na watazamaji, jukwaa likiinuka hakuna mtu atapanda. Kama hakuna maiki basi watu wasizidi 150 hivi. Fikiria muda: ukiweka saa ambayo kina mama wanapika utapata wanaume peke yao, na utakuwa umeongea na nusu ya jamii. Fikiria mwenye kiti cha magurudumu anapita wapi.

Viongozi waalike ila hotuba isiwepo mwanzoni, kiongozi akishasema msimamo wake hakuna atakayethubutu kusema tofauti. Kaa nao mapema uwaeleze hivyo kwa heshima. Na kwa stori kama ya kitasa, hakikisha kuna mtu mmoja wa msaada wa kisheria kakaa katikati ya watu kama mtazamaji wa kawaida.

Hatua ya 9: Siku yenyewe, na hapa ndo penyewe

Mwaka 1973 Boal alikuwa Peru akifanya kazi kwenye mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kipindi hicho watazamaji walikuwa wanapendekeza, waigizaji wanaigiza mapendekezo yao. Mwanamke mmoja alipendekeza jinsi mke aliyesalitiwa amfanyie mumewe, waigizaji wakajaribu, akasema sio hivyo, wakarudia, bado sio hivyo, mpaka Boal akamwambia basi panda mwenyewe utuonyeshe. Alipanda, na alivyofanya yeye kulikuwa mbali kabisa na walivyodhani waigizaji. Tangu hapo Boal akaacha watazamaji wapande wenyewe.

Inaendeshwa hivi. Mnaonyesha igizo zima mara moja bila kusimama. Mwezeshaji anatoka mbele anauliza, "Hili mnalijua? Linatokea?" Akishapata ndiyo za kutosha anasema, "Tunarudia kuanzia mwanzo. Ukiona mahali mtu angefanya tofauti, piga kelele 'simama!', njoo uchukue nafasi yake." Waigizaji wengine wanabaki kwenye uhusika wao na wanapambana kweli, hawamrahisishii.

Nani anabadilishwa? Anayeumizwa, au wale waliokuwa wanaweza kusaidia, jirani na fundi. Mwenye nyumba habadilishwi. Ukiruhusu mtu achukue nafasi yake atamfanya awe mwema ghafla na tatizo litaisha kimiujiza, wakati kwenye maisha hakuna mtu atakuja kumbadilisha. Mtu akija na suluhisho la namna hiyo, kama "nampigia simu mjomba waziri", usimkosoe wewe, geukia watu uulize "hilo linawezekana kwetu?" watajibu wenyewe.

Mara ya kwanza kutakuwa kimya. Kivumilie, hesabu polepole mpaka ishirini moyoni. Kisipovunjika waambie wageukie jirani zao wawili wawili waongee dakika mbili, alafu uliza tena. Wa kwanza kupanda huwa anatumia nguvu, anagombana, anamsukuma mwenye nyumba, na sheria ni kwamba hakuna kugusana, vurugu inaigizwa taratibu. Anashindwa, anapigiwa makofi. Wa tatu au wa nne ndo anafanya kitu cha akili, mfano anachukua nafasi ya jirani mchana ule fundi alipokuja, hagombani, anatoka tu nje na kiti, anakaa mlangoni kwa dada, anamuuliza fundi "umetumwa na nani, karatasi ya mahakama iko wapi?", alafu anaita majina ya wapangaji wengine mmoja mmoja mpaka wote wako nje. Fundi anayeigiza hana la kufanya, anafunga boksi lake. Hapo watu wote wanaanza kuongea kwa wakati mmoja, waache waongee.

Baada ya kila jaribio muulize aliyepanda: umejisikiaje, ulitaka nini, umekipata? Muulize na mwigizaji wa upande wa pili nini kilimfanya alegee au akaze. Usitoe maksi. Mtu akilia, mmoja wa kikundi (mliyempanga kabla) anaenda kukaa naye pembeni, msimlete mbele.

Kama kundi lenu haliko tayari kwa hilo, kuna njia nyepesi zaidi ambayo Jonathan Fox na Jo Salas waliianzisha Marekani mwaka 1975: mtazamaji anasimulia tukio lake fupi, anachagua nani awe nani, na waigizaji wanaliigiza palepale bila skripti, yeye akiangalia. Haitafuti suluhisho, inawafanya watu wasikilizane tu, na kuna jamii ambazo zimetoka kwenye mgogoro zinahitaji hilo kwanza.

Hatua ya 10: Kesho yake

Weka mtu wa kuandika kila jaribio: nani alipanda (mama mzee, kijana, sio jina), alifanya nini, nini kilikwama. Boal alipochaguliwa diwani Rio de Janeiro, kati ya 1993 na 1996, alichukua majaribio ya namna hii kutoka vikundi vya mitaani akayapeleka baraza la jiji, na sheria 13 zilipita. Wewe unaweza kuwa na mambo mawili tu, mfano mkataba wa kupanga wa ukurasa mmoja wa maandishi, na namba ya msaada wa kisheria kubandikwa kila mlango. Inatosha kuanzia.

Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kazi zao za sanaa shirikishi vijijini, walisisitiza ufuatiliaji kama sehemu ya kazi yenyewe, na nakubaliana nao kabisa. Kabla watu hawajatawanyika taja tarehe ya kurudi, mkubaliane na watu watatu wa palepale, wasiokuwa wa kikundi chenu, watakaoshika kila pendekezo. Baada ya miezi mitatu hivi rudini, ulizeni kimefanyika nini, kipi kimeshindikana na kwanini. Usipime kwa makofi wala kwa idadi ya waliokuja. Pima kwa vitu vya kuonekana: mikataba mingapi imeandikwa, nani amegongewa mlango na jirani, fundi yupi amekataa kazi.

Alafu andika igizo upya kutokana na ulichosikia. Kama wapangaji wameanza kutoka nje na viti, mwenye nyumba naye atakuwa amepata mbinu nyingine, labda anakata maji badala ya kubadilisha kitasa, basi sini ya pili inabadilika, na jirani safari hii anaigizwa na mmoja wa wale watatu.